Mama Mitambo na Sura ya Mwisho ya Fundi wa Hewa

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika jarida letu la kila mwezi, mhariri mwandamizi wa hadithi, ambaye sote twamwita Mama Mitambo, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Ilikusudiwa wasifu huu uandikwe kwa utulivu unaolingana na heshima yake. Haikuwezekana. Hadi jana alasiri ofisi nzima ilikuwa roho juu, na sababu ilikuwa yeye mwenyewe.

Aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na saba, mpigachapa katika chumba cha nyuma chenye dirisha moja lisilofunguka. Siku moja alipewa kuchapa hadithi ya wanaume kumi na wanane waliosafiri angani kwa miaka minne. Akamwendea mhariri wa wakati huo kutaka kujua wasafiri hao walikula nini, na nguo zao alifua nani.

"Bibie, hiyo ni sayansi," alijibiwa.

"Na njaa je, bwana mkubwa? Yenyewe si sayansi?"

Kwa kumkomoa, mhariri akamwambia aandike yake basi. Akaiandika kwa wiki tatu, wakati wa mapumziko ya mchana, na nahodha wa chombo chake akawa mwanamke mjamzito. Mhariri aliona wasomaji hawatalimeza jambo hilo, akamgeuza nahodha kuwa mwanamume katika sura ya pili, asikumbuke kwamba sura ya tatu ilikwisha kupangwa na kwenda kiwandani. Mwezi uliofuata, bwana nahodha akashikwa na uchungu wa kuzaa mbele ya wasomaji wote. Barua zilijaa gunia. Mkunga mmoja aliandika kuuliza, kwa adabu kabisa, kama mgonjwa alijifungua salama. Tangu hapo hakuna aliyegusa wahusika wake bila kumuuliza.

Kutoka hapo alipanda hatua kwa hatua: msahihishaji, mhariri msaidizi, kisha mhariri mwandamizi. Ametuachia riwaya saba na hadithi fupi zaidi ya mia moja, zote za wanawake wanaotengeneza, wanaoongoza, wanaokosea na kurekebisha. Mumewe, mwalimu wa hesabu, humkagulia mizunguko ya sayari, na hulalamika kuwa ndiye mume pekee mtaani anayeamshwa kuulizwa chumba cha watu sita kinamaliza hewa kwa muda gani.

Ana desturi moja ambayo haijapata kuvunjwa. Hakuna sura iliyofika mezani kwa mhariri mkuu kabla ya kusomwa kwa sauti katika chumba cha chai, mbele ya Shangazi, mfanya usafi wetu wa siku nyingi, na dada wa mapokezi. Wakiguna, sura inarudi. Wahariri wenye shahada wamekuja na kuondoka. Idhini imebaki kwenye benchi lao la chumba cha chai, kando ya birika.

Hapo ndipo lilipo chimbuko la wasiwasi wetu. Kwa miaka kumi na mmoja wasomaji wamemfuata Fundi wa Hewa, mama anayetunza mitambo ya kupumulia katika chombo cha angani cha watu mia mbili. Sura ya mwezi uliopita ilimwacha nje ya mlango, akiwa na hewa ya dakika arobaini. Kumfungulia kungepoteza theluthi ya hewa ya chombo, na nahodha amekataza. Ndani, nyuma ya kioo, amesimama bintiye wa miaka kumi na sita.

Sura ya mwisho ilitakiwa jana, saa kumi kamili. Kwa kuwa hadithi ni mali ya jarida, uongozi ulikwisha kuamua kwamba isipofika, itachapwa sura ya akiba, ambamo nahodha anabadili nia na kumwokoa Fundi kwa mkono wake mwenyewe. Mwandishi wa wasifu huu ndiye aliyeagizwa kuiandaa, na aliiandaa. Mama Mitambo aliisoma akiwa amesimama, akairudisha mezani taratibu, akasema tu, "Sawa, mwanangu." Hakuna aliyekunywa chai siku ile.

Jumatatu alileta mwisho ambamo Fundi anakufa ili wengine wapone. Shangazi aliguna. "Umemlea miaka kumi na mmoja, leo unamtupa kama maji machafu?" Jumatano alileta chombo kingine kilichopita kwa bahati. "Hicho kimetoka wapi?" akauliza Shangazi. "Kama vinaokotwa, niokotee na mimi kimoja." Mama Mitambo hakucheka. Alizikusanya karatasi zake. Dada wa mapokezi ndiye aliyemshikia kikombe.

Jana saa tisa na nusu hakuwa na hata ukurasa mmoja. Mpanga kurasa alisimama mlangoni akitazama saa. Ndipo Shangazi alipoweka ufagio chini.

"Mama, huyo mtoto si anajua kufungua mlango?"

"Anajua. Lakini nahodha amekataza."

"Basi mwache akose adabu."

Aliandika hapo hapo, karatasi juu ya goti, dada wa mapokezi akipokea kila ukurasa na kuukimbiza kwa mpanga kurasa. Binti anafungua. Theluthi ya hewa inapotea. Watu mia mbili, nahodha akiwamo, wanapumua kidogo kidogo kwa siku tisa, wakilala chini na kusema machache, hadi Fundi anapomaliza kutengeneza mtambo wa kurudisha hewa iliyopotea. Ukurasa wa mwisho ulifika saa kumi kasoro dakika nne. Hakuna aliyeguna. Sura ya akiba imechanwa, na aliyeiandika ndiye aliyeichana.

Mama Mitambo, ahsante kwa kila sura, na kwa kila swali uliloliuliza pale wengine waliponyamaza. Nenda salama nyumbani kwa mwalimu, ukalale bila kuwaza tarehe ya mwisho ya sura yoyote. Afya iwe nawe, furaha iwe nawe. Na tarehe mosi Julai asubuhi, sisi tutakusanyika kwenye benchi lile tukiwa na karatasi zetu, tukimsubiri Shangazi aketi.