Ubeti wa Mdogo Wake

Ndugu, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Nyimbo, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1989, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili.

Alianza shule ya msingi mwaka 1997, na mama yao alipofariki mwaka 1999, yeye na mdogo wake, anayewasomea karatasi hii, walihamia kwa baba yao mkubwa, ambaye naye ametangulia, na katika nyumba ile marehemu alipigwa kwa waya wa pasi, kwa sababu ya kikombe kilichovunjika au uji ulioungua, na mara nyingi kosa lilikuwa la mdogo wake, lakini yeye alikuwa wa kwanza kusema ni lake.

Mwaka 2002 mwalimu wake wa darasa la sita aliuona mgongo wake, akamwita mdogo wake pembeni, akamuuliza kwa upole dada amefanywa nini, naye mtoto yule wa miaka sita, akiogopa kurudi nyumbani, akajibu kwamba dada aliteleza bombani, akaanguka. Mwalimu hakuridhika, akampa marehemu daftari, akamwambia aandike asichoweza kusema, na humo ndimo nyimbo zilimoanzia.

Tangu mwaka 2004 alishona sare za shule karakanani, ambako msimamizi wake alimwachia karatasi za vipimo aandikie, na akimwona analia kwenye cherehani alimletea chai bila kuuliza, huku wenzake wakimtania kwamba akikosa kiitikio, mikono ya mashati inatoka mirefu.

Alifunga ndoa na fundi seremala tarehe 11 Desemba 2010, wakajaliwa mabinti wawili, ambao hawajui kama waya wa pasi una kazi nyingine.

Mwaka 2013 aliitungia kwaya yake wimbo wa "Sikuanguka", akasema tangu autunge analala bila kushtuka, ila ubeti wa pili aliuacha wazi, akamwomba mdogo wake auandike. Mdogo wake alisema ataandika, kisha akasema ana mtoto mchanga, kisha akasema, dada, hayo si yalishapita, na kwa miaka kumi na moja kwaya ikifika hapo iliimba kwa midomo iliyofumbwa, kwani marehemu hakukubali mwingine aujaze.

Machi 2024 figo zilianza kumsumbua, akalazwa, na siku moja kabla ya mwisho alimuuliza mdogo wake kama ubeti uko tayari, akajibiwa kesho. Alifariki tarehe 2 Juni, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyemchana nywele kila asubuhi, majirani waliowalisha mabinti, na wenzake wa karakana waliomshonea gauni alilolala nalo.

Mwalimu wake yuko hapa, na ubeti wa pili ni huu:

Bombani palikuwa pakavu, mwalimu, dada hakuanguka,
kikombe nilivunja mimi, na uongo nilisema mimi.

Ubeti umechelewa, dada. Pumzika, amani iwe nawe.