Nilivyopiga Magoti na Mirija Ndani

Ndugu zangu wa kanisa la Mususa, jina la Bwana litukuzwe, na munivumilie, maana ushuhuda wangu leo uko na hasira ndani.

Mulijua mwaka mzima kwamba natoka damu. Muliniombea, nashukuru. Mais lakini hakuna hata mmoja aliyeniambia niende kupimwa! Nilipoenda mwenyewe, ilikuwa kansa ya mlango wa kizazi, ikabidi nivuke mpaka hadi Uganda kwa mionzi ya nje, halafu ile ya kuwekwa ndani. Hapo ndipo mulianza kunishauri. Kwamba moto wa mionzi utanitoboa kibofu, kwamba nitarudi nikivuja mkojo, hakuna atakayekaa nami kwenye benchi. Ndugu zangu, kansa yenyewe sikuiogopa hivyo. Niliogopa benchi.

Siku ya ile mionzi ya ndani waliniingizia mirija ya kuipitishia, wakanijaza kompresi, vile vitambaa vya hospitali, mbele na nyuma yake, zimebana kweli, kusudi kibofu na utumbo visogee mbali na mionzi. Wakaniambia nilale chali, nisitingishike, wakapiga picha, wakaenda kupiga hesabu za dozi. Na mimi na kichwa changu kigumu! Kanisani kwetu nani anaomba akiwa amelala? Nikateremka kitandani, nikapiga magoti. Kila kitu kikahama.

Walipopiga picha tena, utumbo ulikuwa umekaribia mirija. Daktari akakataa kuwasha mashine. Wakatoa yote, wakaanza upya, na maumivu yake sitayasimulia mbele ya wababa. Nililia kwa hasira, tena hasira ya ujinga wangu mwenyewe. Muuguzi mmoja, mutoto wa kule Beu, akaniinamia.

“Mama, Mungu yako hapana sikia mutu mwenye amelala?”

Nikaomba chali, macho kwenye dari, bila kuinua hata mkono. Nilisema tu, Bwana, shikilia hizi kompresi. Akashikilia! Mashine ikafanya kazi yake dakika chache, ikaisha. Nikarudi mara mbili nyingine, nikilala vilevile.

Leo madaktari hawaoni tena uvimbe, na mimi ni mkavu. Nimekaa kati ya wamama wenzangu tangu asubuhi, hakuna aliyesogea. Namshukuru Mungu, na nawashukuru wale waliojua kunijaza vitambaa vile.

Sasa wewe dada yangu mwenye unatoka damu na unajificha, nakuona. Mutumaini Bwana huyu, mais usimungojee nyumbani. Kesho asubuhi nakuja kukuchukua twende kupimwa. Tutaomba njiani.