Ratiba Niliyoiandika kwa Jua la Ganda

Walio wa kanisani, Bwana asifiwe. Walio wa msikitini, asalaam aleikum. Wakubwa zangu wote, shikamooni. Nimemwomba mwenyekiti aniruhusu kusema mapema, kabla ya chai, kwa sababu nikikaa nikingoja zamu nitatoroka. Nisameheni sauti, naogopa.

Kwa wale mliojiunga juzi: kikundi hiki kilianza na watu wa presha na sukari. Daktari alituambia tutembee, nasi tukaanza kutembea kila Jumamosi, Ganda hadi Kakuyuni. Mguu ukazoea njia, mdomo nao ukaanza kujisifu. Mwaka jana mwenzetu mmoja akasema, jamani, sisi hatuwezi kuupanda mlima? Mlima Kenya wenyewe, si lazima kileleni, lakini siku nne, kutoka kibanda kimoja hadi kingine. Tukacheka. Wiki iliyofuata tukasema tena, na safari hiyo hakuna aliyecheka.

Kazi ya kupanga nikapewa mimi. Mnajua nilikuwa msimamizi wa watandika vitanda hotelini kule Watamu miaka mingi. Ratiba ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na ndugu zangu, nawaambia, niliringa. Nilinunua daftari jipya. Nikaandika vibanda vitatu tutakavyolala, chakula cha kila siku, nani atabeba dawa za nani. Sweta na makoti tuliyachagua mitumbani Malindi, tukiyajaribu kwenye joto lile mpaka jasho likatutoka na muuzaji akatucheka. Koti langu lilikuwa jekundu. Mmoja wenu hapa, simtaji, alitaka kubeba mbuzi ya kukunia nazi. Nikamwambia mama, huko juu nazi utaikuna uimwagie nani? Akanuna siku mbili.

Kiongozi wa njia, mtu mzima wa kule mlimani, nilikuwa naongea naye kwa simu. Akaniambia, "Mama, siku ya pili ndiyo ndefu. Mtoke saa kumi na mbili asubuhi, msikae njiani, saa saba muwe mmefika kibandani." Nikamwitikia, ndiyo, ndiyo. Kisha nikakata simu nikaandika yangu.

Sikilizeni nilichoandika. Kutoka saa kumi na mbili. Saa tano, kupumzika. Saa tisa, jua likipoa, kuendelea na safari.

Najua hamjashtuka. Hata mimi sikushtuka. Sisi hapa jua la mchana tunaliheshimu. Nani hapa anakwenda shambani saa saba? Unatoka alfajiri, jua likikaza unaingia kivulini, alasiri ndipo unamalizia. Ndivyo nilivyolelewa. Na nilikuwa na wagonjwa wa presha sita, nikijihesabu na mimi. Nikasema huyu bwana hajui jua. Kumbe mimi ndiye nisiyejua mlima.

Miongoni mwetu sita alikuwemo wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Hakutaka kwenda. Nilimshika mkono kwake nikamwambia, twende, nitakuwa nawe bega kwa bega. Akakubali kwa ajili yangu tu.

Siku ya kwanza tulipanda vizuri, tukiimba. Siku ya pili tukatoka alfajiri, baridi inauma masikio lakini mbingu safi. Ilipofika saa tano nikasema, tupumzike. Kiongozi akatazama juu. Akasema, "Mama, tusikae." Nikatoa daftari nikamwonyesha. Mtu mzima naonyesha mlima daftari! Akasema tena, kwa adabu, kwamba wingu la huku huja mchana. Nikamjibu kwamba watu wangu nawajua mimi. Wapagazi wakatangulia na mizigo, sisi tukatandika leso kwenye majani, tukala, tukajinyoosha. Wengine walilala kabisa. Jua lilikuwa tamu, nikajiona nimepanga vizuri.

Saa nane ukungu ukaja. Haukuja polepole, jamani. Nilikuwa naona mlima wa ng'ambo, nikainama kufunga begi, nilipoinuka mlima haupo. Kiongozi hakungoja ratiba yangu tena, akasema, "Inukeni, sasa hivi. Kila mtu amwone aliye mbele yake." Yeye akashika mbele. Mimi, kama mpangaji wa safari, nikajitolea kuwa wa mwisho. Wifi akawa mbele yangu.

Kisha mvua ya mawe. Mimi mvua ya mawe nilikuwa nikiisikia tu. Inapiga kichwa, mikono, inaruka kwenye njia mpaka njia huioni. Vidole vyangu vikafa ganzi. Moyo ulikuwa unakwenda mbio, na nikawaza, ni presha, nitaanguka hapa, watoto wangu wataletewa sanduku. Hofu ile sikuwahi kuijua.

Mpaka hapa mnaijua hadithi. Na mnaijua inavyoendelea: tukafika kibandani, kiongozi akahesabu, wako watano. Wifi hayupo. Akauliza nani alikuwa wa mwisho. Nikasema, "Alikuwa na mimi, nadhani amechepuka njia." Akageuka na mpagazi mmoja wakarudi ukunguni. Sisi tukabaki mlangoni. Tuliita jina lake, upepo ukalimeza. Ndipo mmoja wetu akapiga kigelegele, kile chetu cha harusini, kirefu. Tukapiga sote, tunalia huku tunapiga. Sijawahi kusikia vigelegele vya namna ile na sitaki kuvisikia tena. Tuliendelea mpaka koo zikakauka, na ndipo kwa mbali, upande wa kijito, kikaitika kimoja, chembamba. Kiongozi akakifuata.

Alipoletwa hakuweza kushika kikombe. Midomo haikuwa na damu. Tulimvua nguo mbichi tukamlalia pande zote mbili kumpa joto. Kiongozi akamuuliza, "Mama, ilikuwaje?" Wifi akanitazama mimi. Akasema, "Nilipotea."

Tangu siku ile mnamwita Mama Kupotea. Naye anacheka. Mwezi uliopita kamati ikasema katika safari ijayo asichukuliwe, maana hatulii njiani, atatutia matatani. Nilikuwepo. Nilinyamaza.

Ndugu zangu, hakupotea. Mimi nilimwacha.

Kamba ya buti yake ilifunguka pale kando ya kijito. Akasema, "Wifi, nisubiri nifunge." Akainama. Nikasimama kidogo tu. Wale wa mbele wakaanza kuzama ukunguni, nikaona nikingoja na mimi nitabaki. Nikampita. Nikawa nakwenda, kisha nikawa nakimbia. Akaniita. Akaniita mara ya pili, na ya tatu. Nilimsikia zote tatu.

Niacheni nimalize, tafadhali.

Tuliporudi, hofu haikubaki mlimani. Mnakumbuka niliacha kuja Jumamosi, nikasema goti. Goti langu zima. Nilikuwa naogopa kuonana naye. Simu yake ikilia naitazama mpaka inyamaze. Mvua ikianza kupiga bati nilikuwa natoka chumbani nikakae jikoni kwa binti yangu, mtu mzima mimi. Presha ikapanda hadi daktari akaniuliza kama nina msiba.

Wifi akaja mwenyewe. Alikuja na mbaazi na mahamri, akaketi kitini kwangu kama kawaida yake, akasema, "Safari nyingine inapangwa. Hakuna anayejua kuandika ratiba kama wewe. Ila ile ya jua uiache Ganda."

Nikaanza kulia. Nikamwambia, wifi, mimi sikukusikia siku ile. Hata hapo bado nilidanganya, mnaona? Akaweka hamri chini. Akasema, "Ulinisikia. Nilikuwa naona mgongo wako, koti lile jekundu, na nilipoita lilisita. Kisha likaenda mbio."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mbele ya wenzetu. Akajibu, "Ulikuwa unatetemeka kuliko mimi niliyelowa maji. Ningesema, usiku ule ungelala kando ya nani?" Kisha akaniambia neno ambalo limenisimamisha hapa: "Mimi nimekusamehe zamani. Lakini jina langu siwezi kulisafisha bila kukuchafua wewe. Hiyo kazi ni yako, siku utakayoweza."

Nimeshindwa Jumamosi tatu. Leo ndiyo ya nne.

Namshukuru kiongozi yule, ambaye nilimpuuza naye akarudi ukunguni bila kunilaumu. Nimempigia simu, nimemwomba radhi, na ratiba mpya ameniandikisha yeye, saa kwa saa, mimi nikiandika na kufunga mdomo. Nawashukuru wenzangu wanne mliopiga vigelegele mpaka mkakosa sauti. Namshukuru binti yangu kwa jiko lake. Na Mungu, ambaye hakuniacha nizike mtu kwa hofu yangu.

Mkitaka funzo, ni hili. Ukienda kwa watu, uliza na usikie. Wenyeji hawasemi kwa ajili ya kusikia sauti zao. Na hofu si dhambi, hata mimi ninayo hapa nilipo. Ila ukishamwacha mwenzako kwa hofu, rudi useme mapema, kwa sababu kila siku unayonyamaza yeye ndiye anayeilipa.

Kamati, kuna jina la kufuta kwenye orodha ya safari. Lifuteni langu mkiona inafaa, sitalalamika. La kwake lirudisheni. Na lile jina mlilompa, naomba leo liwe mwisho, kwa sababu hakuchepuka popote; alikaa pale pale kijitoni nilipomwacha, akinisubiri nirudi.