Ruthu Chilongani na Kitabu cha Ripoti

Mchungaji wetu, wazee wetu shikamooni, ndugu, jamaa na majirani wa Ihumwa, mimi ni Nikodemo, mdogo wake marehemu, nimeambiwa nisome wasifu wake bila kuongeza chumvi, nitajitahidi.

Dada yetu Ruthu Yoeli Chilongani alizaliwa tarehe 12 Machi 1978 huko Kibakwe, wilayani Mpwapwa, akiwa mtoto wa pili kati ya sita, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, akafaulu, lakini nyumbani hapakuwa na uwezo wa kumpeleka sekondari, na hilo lilimuuma sana.

Mwaka 1999 aliajiriwa kuwa mhudumu wa usafi katika hospitali moja hapa Dodoma, wodi ya akina mama, na tarehe 16 Septemba 2000 alifunga ndoa na shemeji yetu Joshua, wakajaliwa Gladness na Brighton. Huku akilea, alisoma masomo ya jioni, akamaliza kidato cha nne mwaka 2012, akaingia chuo cha uuguzi na kuhitimu mwaka 2017, akiwa na miaka thelathini na tisa, darasa zima likimwita bibi.

Novemba mwaka huo alirudi wodi ile ile, safari hii akiwa nesi, na alichotaka ni kuitwa hivyo tu, lakini wenzake waliozoea kumwona na ndoo waliendelea kumwita Mama Dekio, na Nesi Jenifa, kiongozi wa zamu, alikuwa akimtuma kudeki mbele ya wagonjwa. Mimi nilimshauri agombane, akanicheka, maana ugomvi wangu mnaujua. Yeye aligawa kwanza dawa zote, akadeki, kisha akaandika kwenye kitabu cha ripoti kwamba Nesi Ruthu ametumwa kudeki na Nesi Jenifa, amedeki, sakafu ni safi. Sasa ripoti husomwa yote wakati wa kukabidhiana zamu, hakirukwi kitu, na msomaji ni kiongozi wa zamu, hivyo Nesi Jenifa aliisoma mwenyewe, akafika hapo akakohoa, na muuguzi mkuu akaomba arudie. Ilikuwa hivyo siku tatu mfululizo, ya nne dekio likarudi kwa wenyewe, wahudumu wa usafi, ingawa lile jina halikutoka, na najua lilimchoma, kwa sababu alikuwa akilitania mno.

Juni 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kizazi, akatibiwa kwa miezi minane, na tarehe 11 Februari 2025 alifariki dunia katika wodi aliyoitumikia, akiwa na miaka arobaini na sita.

Familia inawashukuru madaktari kwa kuhangaika naye, majirani kwa uji na kwa kukesha nasi, na wauguzi wenzake, hasa Nesi Jenifa, aliyeomba apangiwe zamu za kumhudumia, akamsuka nywele mpaka zilipoisha. Ripoti ya siku ya msiba aliiandika yeye, tumeruhusiwa kuisoma, nami sitaruka kitu: "Nesi Ruthu Chilongani, wa wodi hii, ametutoka saa kumi na dakika kumi alasiri. Nimemwosha mwenyewe. Sakafu nimedeki mwenyewe."

Dada, umesomwa mbele ya watu wote, na umesomwa kwa jina lako. Pumzika kwa amani, Nesi Ruthu.