Shati la Damu Mezani

Sherali alikosea, na kisingizio hakuwa nacho. Ijumaa ile, mlangoni mwa msikiti kule Thornhill, ughaibuni, Adil alimpa salamu, yeye akapita kimya, na kujibu salamu ni wajibu. Kijana hakuwa amemkosea. Ugomvi ulikuwa na baba yake Adil, Alimohamed, kaka yake Sherali, aliyemzika mama yao hukohuko bila kumngoja Sherali afike kutoka Tanga. Baada ya sala wazee wakakaa kwenye benchi lao ndani ya jengo la maduka, kila mtu na kahawa yake, theluji ikianguka nje. Kazim, waliyemwita Profesa kwa sababu binti yake yuko chuo kikuu, alikuja na habari.

— Binti yangu Sabreen anasoma visa vya kale vya Aisilandi. Wale watu balaa, bwana! Ukiuawa, mama yako hapiki. Anamwekea nduguyo mezani shati lako la damu, akulipizie kisasi. Haya, kula!

— Baridi hiyo, — akasema Nazir, ambaye kila jambo kwake ni baridi, ndiyo maana wakamwita Hita. — Damu ikiganda, na akili inaganda.

— Kwani fidia hawaijui? — akauliza Sherali.

— Wanaijua sana, — akasema Profesa. Wanapatana, wanapeana mikono. Halafu mtu anataniwa karamuni kwamba amemsahau nduguye, basi, shoka!

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, — Hita akatikisa kichwa. — Kainama, katoa shoka. Wangekuwa na televisheni wale wasingeuana.

— Wewe unayo, — akasema Profesa, — na kila Jumamosi unataka kumpiga refa!

Wakacheka. Sherali hakucheka sana.

— Lakini haki ya mzazi nayo si mchezo. Mtu asisahau.

— Hawasahau! Mkosaji asipopatikana, wanamtafuta aliye bora katika ukoo wake. Kuna kijana walimkuta anakata majani ya ng'ombe, wakammaliza palepale.

Tahera, mke wa Hita, alikuwa amefika na mifuko yake kumchukua mumewe. Hilo la mwisho alilisikia.

— Astaghfirullah. Na huyo kijana alikuwa amefanya nini?

Profesa akafungua kinywa.

— Sasa… baba yake…

— Mimi nimemuulizia yeye.

Hita akachungulia kikombe chake. Profesa akakuna kidevu. Sherali akaweka kahawa yake sakafuni, ingali ya moto.

— Shemeji, garini mna nafasi?

— Imo, shemeji. Unakwenda wapi na theluji hii?

— Nipelekeni Mississauga, kwa kaka yangu. Nadaiwa salamu na Adil.