Watu Waliovaa Kijeshi, Wasiojulikana

Kaeni karibu na kitanda, wanangu, kwa maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Padri mmemwona akitoka. Nimeungama, amenipaka mafuta, lakini kabla ya kufunga kitabu chake ameniambia: "Papa Siméon, Mungu amesikia, ila Sikuli hajasikia, na watoto wako hawajasikia. Kitubio chako ni kusema." Basi nasema. Jokébed binti yangu, wewe andika, na usininyooshee maneno. Lusenge, keti hapo uunyooshe mguu wako. Na wewe Kasonia, shemeji yangu, nimekuita kutoka Vuhovi kwa sababu marehemu Kavira alikuwa dada yako kabla hajawa mke wangu, na baada ya leo huenda usitake tena kuniita shemeji.

Miaka ishirini na sita nimekuwa polisi, kwanza hapa Butembo, kisha Beni. Nilikuwa na shati la bluu, filimbi na daftari, basi. Wamama wa sokoni walinitania: "Papa Polisi, filimbi yako iliingia funza? Tangu asubui hatuisikie." Nami nilicheka, wakanikatia ndizi. Hawakuniogopa, na mtu akiibiwa kuku alinijia mbio. Sikujua kwamba huo ndio uliokuwa utajiri wangu. Mimi nilichokiona ni aibu tu, kwa sababu vita ilipokuja, kila kijana mwenye bunduki alinidharau. Kwenye barieri, kile kizuizi cha njia ya Beni, askari mmoja, mdogo kuliko Lusenge, alinishusha kwenye gari mbele ya abiria. Aliniambia, "We polisi ya makaratasi, tembea kwa miguu sawa raia." Nilitembea. Neno hilo lilikaa moyoni mwangu kama mwiba uliovunjikia ndani.

Mwaka ule askari walishuka Vuhovi mara mbili, wakabeba mbuzi na kupiga watu. Wazee wa ukweni waliniita, wakasema, wewe ni mkwe wetu na ni polisi, tufanyeje? Nilisimama mbele ya kapela, Kasonia unakumbuka, nikawafundisha. Niliwaambia hivi: "Polisi si wa kukimbiwa. Mutazame nguo. Mukiona bluu, mukae, mutoe benchi. Mukiona tenue ya madoadoa, mukimbie, musingoje kuuliza ni nani." Sikuli, katekista wenu, ambaye nyumba yake ilikuwa pale juu njia inapoonekana, alipewa kazi ya kulinda. Akiona madoadoa apige haraka haraka ile jante ya lori iliyokuwa kengele ya kapela. Akiona bluu asipige. Sheria hiyo niliitunga mimi. Kavira alikuwa ameketi mbele, akiitikia kwa kichwa, na nyumbani alinisifu kwamba nimesema vizuri.

Miezi mitano baadaye, kule Beni, wakubwa walileta marobota ya nguo. Tulipanga mstari, kila polisi akapewa tenue ya madoadoa, ile ile ya jeshi, na bunduki. Yangu haikuwa na risasi hata moja. Kamanda akasema, kuanzia leo polisi na jeshi ni mwili mmoja, adui akituona asijue nani ni nani. Mzee wetu Zorobabel, ambaye alikuwa amebakiza mwaka mmoja apumzike, aliinua mkono akauliza: "Mon commandant, na raia je? Atajua namna gani nani wa kumkimbia na nani wa kumkimbilia?" Watu walicheka. Kamanda akajibu, "Raia atazoea." Zorobabel aliikunja ile tenue akaiweka chini ya kiti chake, akaendelea kuvaa bluu mpaka walipomfukuza. Mimi niliivaa siku hiyo hiyo.

Nitawaambia ukweli wote, maana nusu ya ukweli nimeishi nayo miaka mitatu na imenila. Niliipenda. Nilipopita sokoni wamama walinyamaza, nami nikadhani ni heshima. Kwenye barieri askari walinipigia saluti, "Mes respects, chef." Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi niliipiga pasi.

Nipe maji kidogo, Jokébed. Inatosha.

Mwezi wa kumi nilipata ruhusa ya siku nne. Mama yenu alikuwa Vuhovi akipanda maharagwe katika shamba la baba yake. Niliitia bluu kwenye begi, nikavaa madoadoa na kutundika bunduki begani ili barieri zisinisumbue, na moyoni nilisema nitabadilisha nikifika kwenye mikaratusi, kabla ya kushuka bondeni. Nilifika kwenye mikaratusi. Nilisimama. Nilishusha begi begani. Hakuna aliyeniharakisha, mvua ilikuwa imekatika, nilikuwa na nafasi yote ya kufungua vifungo. Ndipo nilipokufikiria wewe, Kasonia, na ndugu zako, ambao siku ya posa mliuliza kama polisi ni mwanaume kamili au ni karani mwenye filimbi. Nilitaka mnione. Nilirudisha begi begani, nikashuka.

Sheria yangu mwenyewe niliikumbuka nilipoisikia ile jante inalia.

Watu walitoka mashambani kama ndege waliorushiwa jiwe. Nilipaza sauti, "Ni mimi!" lakini hata askari husema ni mimi. Pale kwenye njia ya mtoni nilimwona mwanamke akikimbia na jembe, na kitenge chake nilikijua kwa sababu nilikinunua mimi Kasindi. Nikaita, "Kavira! Simama!" Wanangu, ningeita jina peke yake labda angenijua, lakini kwa miaka yote ya kazi kinywa changu kilikuwa kimezoea kusema simama. Aligeuka. Alinitazama, mama yenu, aliyelala nami na kunizalia, na macho yake hayakufika usoni kwangu. Yaliishia kwenye nguo. Askari anayemjua kwa jina, nadhani hilo lilimtisha kuliko yote. Alikanyaga lile gogo la kuvukia, na mto ulikuwa umejaa, na gogo lilikuwa limelowa.

Sijui kuogelea. Niliingia mpaka magotini, nikakiona kitenge kinazunguka mara moja, kisha sikukiona tena.

Lusenge, usitoke. Basi toka, mwanangu, lakini simama pale barazani, dirisha liko wazi, utanisikia. Sisemi ili unihurumie.

Nilisikia sauti za watu wakirudi kuchungulia. Nilipanda mpaka kwenye mikaratusi, na safari hii vifungo vilifunguka upesi. Nilivaa bluu, nikaficha bunduki na ile tenue kwenye majani, nikangoja jua literemke kidogo, nikashuka kama mkwe anayekuja likizo. Sikuli ndiye aliyenipokea. Alinitolea benchi. Wewe Kasonia ulikuja ukanishika mikono, ukaniambia, "Shemeji, basoda balipita. Kavira hatumuoni." Nikakujibu, "Tumtafute." Tulimpata kesho yake kwenye kona ya mto, mimi nikiwa mbele ya wote, nikilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Hilo nalo Mungu analijua.

Baada ya matanga mkaitisha kikao. Watu waliuliza, hao askari walikwenda wapi, mbona hakuna nyumba nyingine waliyoingia? Sikuli akasema alimwona mmoja tu. Mkamzomea, tangu lini basoda wanatembea mmoja mmoja? Akasema, mmoja, alikuwa na begi. Aliposema begi, nilikohoa. Mkasema alipiga jante kwa woga wake, au aliipiga makusudi ili watu watoke nyumbani wezi waingie, kwa sababu siku ile mbuzi wawili walipotea. Wewe Kasonia ulimpiga kofi. Mkono ulikuwa wako, lakini mimi ndiye niliyeuinua. Halafu mkanigeukia, mkasema, wewe ni polisi, umuulize. Nikamuuliza mtu huyo, mbele ya watu, kwa sauti ya kazi: "Ulimwona uso?" Akanijibu polepole, bila hasira: "Hapana, Papa. Niliona tenue. Ni wewe ulitufundisha tutazame tenue."

Watu walingoja neno langu. Neno moja lingemwokoa. Nilifungua daftari nikaandika, na PV hiyo, ripoti yetu ya polisi, iko mpaka leo katika bureau ya Beni: marehemu alikufa maji akiwakimbia watu waliovaa kijeshi, wasiojulikana. Maneno hayo tuliyaandika kila juma, wakati mwingine tukijua vizuri jina la mtu na mtaa anaokaa. Mimi niliyaandika juu yangu mwenyewe, kwa mkono huu, na chini nikatia sahihi.

Mkamfukuza Sikuli. Shamba lake la kule juu mkanipa mimi, fidia ya mke wangu, nami nikalipokea. Alikwenda Kasindi na mkewe, na nasikia anapakua mizigo ya malori, yeye aliyekuwa akitusomea Injili. Jumatatu nilirudi Beni, nikaitoa ile tenue na bunduki kwenye majani, nikaivaa tena, kwa sababu njiani kulikuwa na barieri.

Lusenge, najua unasikia. Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Uliniambia, "Papa, nitaenda kutafuta benye kuua mama." Niliweza kukuzuia kwa maneno mawili, sikuyasema. Uliingia msituni kwa wapiganaji, ukakaa karibu mwaka, ukarudi na mguu huo. Usiku ule wa kwanza uliniambia kwa sauti ndogo, "Nilipata mumoja, Papa. Alikuwa na tenue ile ile." Nilikuwekea mkono kichwani, nikasema umechoka, lala. Sikukuuliza alikuwa askari au polisi. Niliogopa jibu. Mtu huyo hakumjua mama yako. Damu yake nimemwomba Mungu aiandike kwangu, siyo kwako, na Padri nimemwambia hivyo hivyo.

Sasa agizo, kwa maana pumzi inafupika.

Shamba la Sikuli lirudi kwa Sikuli. Ndiyo, Lusenge, pamoja na nyumba uliyoijenga juu yake. Najua umebeba matofali kwa mguu mmoja, najua mkeo amepanda maua mlangoni. Usibomoe chochote, usichukue mlango wala bati. Wewe na mkeo mje mkae hapa Butembo, nyumba hii ni yenu, na Jokébed abaki na chumba cha mbele mpaka aolewe. Ng'ombe aliye Masereka ni wa Jokébed peke yake.

Kasonia, nenda Kasindi mwenyewe, usitume mtu. Usimwambie Sikuli kwamba amesamehewa, maana hakukosa. Mwambie alimwona vizuri. Mwambie hivi: alikuwa mmoja, na alikuwa na begi. Akikubali kurudi, mumpokee Jumapili kapelani, na karatasi hii anayoiandika Jokébed isomwe baada ya Misa, yote, na jina langu lisomwe kamili, Siméon Kahongya, ili mtu asiyejulikana ajulikane.

Wenzangu wa kazi watakuja na ile tenue wanivalishe na kunipigia saluti. Waambieni hapana. Mnifunge shuka nyeupe tu. Na kaburi langu msilichimbe kando ya mama yenu. Muulizeni kwanza Kasonia, na muulizeni Sikuli. Wakikataa, mnizike katika makaburi ya parokia pamoja na watu wengine, na hasira msiwe nayo, kwa sababu mama yenu alinikimbia, na aliyekimbia ana haki ya kupumzika mbali.

Niinue kidogo. Hapo. Inatosha.

Jokébed, weka kalamu, njoo. Mungu aliyekupa moyo mtulivu akulinde nao, akupe nyumba yenye amani, na watoto wako wasijue njia ya kukimbilia porini. Kasonia, wewe ni mkubwa wa ukoo wenu, sina haki ya kukubariki. Nakuomba tu uwaangalie hawa.

Lusenge… nakiona kivuli chako dirishani. Sikuambii uingie. Baraka ya baba haimlazimu mtoto kupiga magoti. Bwana akubariki hapo ulipo… mguu wako, mke wako, mikono yako pia. Hasira uliyo nayo sasa… iko mahali pake, usiipeleke kwa mwingine. Katika jina la Baba… na la Mwana…

Ukiweza kuitika amina, itika. Ukishindwa, nyamaza tu, mwanangu. Jokébed ataitikia kwa ajili yenu wawili.