Mzee Chaki na Bomba la Pili

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhudumia breki za lifti ya shimo letu, fundi tunayemwita Mzee Chaki anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Nimeombwa niandike maneno ya kuchangamsha, mimi tarishi wa ofisi niliyekunywa naye chai miaka yote hiyo. Nitajaribu.

Jina la Chaki alilipata kwa jasho. Kila asubuhi, kabla mtu hajashushwa shimoni, alichora mstari kutoka kwenye ngoma inayozungusha kamba ya chuma hadi kwenye fremu yake. Breki zikiwa zimeshika, mota iliwashwa ivute kwa nguvu. Mstari ukiachana hata upana wa kucha, hakuna anayeshuka. Vijana walimtania, "Mwalimu, leo hisabati au imla?" Naye alijibu, "Leo somo ni kurudi nyumbani."

Breki hizo hubanwa na springi, na mafuta yenye presha ndiyo huzifungua. Ili lifti isimame, sharti mafuta yarudi tangini. Lakini bomba la kuyarudisha lilikuwa moja tu. Mzee Chaki aliliona mapema: siku likiziba, mafuta hayana pa kwenda, na breki zote mbili zitabaki wazi. Hapo chaki haisaidii. Akaomba bomba la pili, kwa barua, kwa ule mwandiko wake uliolala kama nyasi zilizopigwa na mvua.

Meneja wa wakati ule alisema mbele yetu, "Mtu ana koo moja na anakula hadi uzeeni. Bomba la pili la nini?" Tukacheka. Mungu anisamehe, na mimi nilicheka.

Mwaka wa kumi na tisa wa kazi yake, bomba liliziba. Lifti ilipitiliza hadi chini kabisa ikiwa na watu wanne. Hakupona hata mmoja. Mmoja wao alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake wa pekee.

Kamati ya uchunguzi iliandika: uzembe wa fundi. Akashushwa kuwa msaidizi. Dada yake aliisoma ripoti ile, akaiamini, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwa kaka yake.

Mwezi uliofuata bomba la pili likafungwa, na ukutani kikawekwa kibao cha shaba chenye jina la meneja. Aliyetumwa kukipigilia ni Mzee Chaki. Alikipima kwa pima maji, kisikae upande.

Miaka kumi na miwili akaendelea kuchora mstari wake, na hakuna aliyeumia tena.

Sasa hili si la kuchangamsha, lakini nimelala nalo vya kutosha. Kamati iliniuliza kama nimewahi kuona barua yoyote ya fundi huyu. Nilisema sikumbuki. Niliogopa kufukuzwa. Dada, kama karatasi hii itakufikia: barua zilikuwa saba. Nilizipeleka mimi, kwa mikono hii, na meneja alitia sahihi daftari langu mara saba. Daftari ninalo.

Mzee Chaki, asante kwa kila asubuhi. Hujawahi kuniuliza kwa nini sikusema, na hilo ndilo linalonichoma. Tunakuombea uzee mwema wenye afya, na Mwenyezi Mungu akujalie usikie hodi ya dada yako mlangoni.